Muhuri Niliowagongea Wageni wa Kaunti

Mwende, mama yangu,

Sitaanza kwa kukujulia hali, kwa sababu nimekuona asubuhi hii ukinywa chai ukiwa umesimama, na najua u mzima. Sasa umetoka kwenda kuwaaga wenzako, mama yako yuko kazini, na mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni na karatasi. Ni jioni lakini jua la Agosti bado linawaka dirishani. Masanduku yako mawili yako mlangoni. Nilikuwa nayaona kila nikiinua macho, kwa hiyo nimegeuza kiti.

Mambo ya koti zito, ya kula vizuri na ya kutompa mtu funguo, mama yako ameshakuambia mara nyingi mpaka mimi mwenyewe nimeyakariri. Theluji ya Buffalo itakufundisha yenyewe. Mimi nina jambo moja, na kosa ni langu, si lako. Tangu siku ile ya wageni mwaka jana, hujaniuliza swali hata moja. Unanisalimu, unanijibu nikikuuliza, unaniletea maji, adabu zote unazo. Lakini huniulizi kitu. Kesho nitakuendesha mwendo wa saa tano na ushee mpaka chuoni kwako Amherst, kando ya Buffalo, na najua tutakavyokaa garini: wewe umeziba masikio na muziki wako, mimi nimekazia macho barabara. Naogopa kukuacha kule tukiwa hivyo. Ninaandika kwa sababu garini nitashindwa.

Ulikuwa mtoto wa maswali, wewe. Tulipotoka Kenya na kufika Louisville ulikuwa na miaka mitano, na mimi nilipata kazi ya kupanga maboksi katika ghala moja kule Jeffersontown. Siku moja ya mapumziko nilikupeleka ukaone ninapofanya kazi. Tulisimama nje ya ukuta ule mrefu usio na madirisha, ukaniuliza vitu vyote vilivyomo ndani ni vya nani. Nikasema ni vya wenyewe. Ukauliza, "Wenyewe ni nani?" Nikakwambia tutafute aisikrimu. Nilicheka wiki nzima, nikawasimulia watu wa kanisani. Nilijivunia kuwa na mtoto asiyekubali jibu la kumtuliza.

Siku zile nilikuwa nakulaza kwa habari za nyumbani. Nilikueleza juu ya mto wetu wa mchanga, ambao mtu huchimba kwa mikono mpaka maji yatokee. Nilikueleza juu ya shangazi yako Ndinda, alivyonibeba mgongoni nikiwa na malaria mpaka zahanati, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa shule. Nilikwambia kwamba tulipofika tulimkuta muuguzi amevaa nguo nyeupe, akanipima, akanipa dawa, tukarudi. Uliniuliza mwisho wa hadithi uko wapi. Nilisema ndiyo hiyo, imekwisha. Ulidhani nimekupunja. Hukujua, na mimi sikujua, kwamba ningeishi mpaka niisimulie habari ya muuguzi kuwepo zahanati kama kitu cha ajabu.

Halafu tukahamia Columbus, nikapata hii kazi ya kuendesha gari la wazee wa makao. Hapa nikawapata Wakenya. Unalijua lile duka la kinyozi pale Morse Road. Kila Jumamosi tulikaa mle tukiipiga serikali kutoka mbali. Barabara zilizofunguliwa kwa tarumbeta na kuharibika mvua ya kwanza, madaktari walio kwenye mgomo, waheshimiwa wanaopanda ndege kwenda kujifunza kufagia soko. Kaunti zilipoanza tulishangilia, tukasema sasa mali itafika kijijini. Baada ya muda tukasema kilichofika kijijini ni ulaji. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote, mpaka kinyozi alinitania kwamba wembe wake unatetemeka nikiongea. Kwa sababu hiyo wakanichagua kuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa kwetu.

Jambo la kwanza nililofanya nikiwa mwenyekiti, unalikumbuka, ni kuchongesha muhuri. Ulinicheka. Ulisema Wamarekani hawagongi mihuri, wanasaini tu basi. Nikakwambia chama cha Wakenya kisicho na muhuri ni mkutano wa kunywa chai. Ulikuwa wa mviringo, wenye nyota katikati na jina la chama pembeni, na nilijaribu wino wake kwenye bahasha zote za nyumba hii, hata kwenye bili ya umeme. Najua ulikuwa mzaha. Lakini ndani yangu haukuwa mzaha. Kwenye makao ya wazee mimi ni dereva. Wakubwa wa kazi hawawezi kutamka jina langu, wamelikata likabaki herufi mbili. Muhuri ulikuwa na jina langu zima.

Kwa hiyo Mheshimiwa alipopiga simu, alinikuta tayari nimeiva. Wewe unamjua kama yule mnene aliyekaa karibu na friji. Mimi namjua tangu darasa la nne, tulikaa dawati moja. Sasa ni diwani, yumo katika kamati ya afya ya bunge la kaunti. Aliniita kwa jina la ukoo. Miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo. Akasema kamati inataka kuja kujifunza jinsi zahanati zinavyoendeshwa huku, na inahitaji mwaliko kutoka kwa chama kinachotambulika.

"Mwenyekiti, hiyo ni barua tu," alisema. "Wewe weka stampu, hizo zingine niachie mimi."

Niliiandika siku hiyohiyo. Niliandika kwamba watatembelea zahanati na hospitali saba, nikazitaja moja moja, ingawa sikuwa nimezungumza na hata moja.

Walikuja tisa. Nilichukua likizo yangu yote ya mwaka, nikakodi gari kubwa. Wewe ulikuwa mpiga picha na mkalimani. Unajua kwamba walitembelea zahanati moja tu, wakakaa muda usiofika saa, wakaazima makoti meupe kwa ajili ya picha. Zilizobaki zilikuwa siku za maduka. Walinunua masanduku kwanza, kisha wakanunua vitu vya kuyajaza. Walitaka kuona Louisville kwa sababu walisikia habari za mbio za farasi, nikawaendesha hadi huko. Tulipokaribia, nikaacha njia kuu nikapita Jeffersontown. Nilitaka waone lile ghala. Nilitaka watu wa kwetu, hata tisa tu, waone nilikoanzia na mgongo wangu. Niliposimamisha gari na kugeuka, wote walikuwa wamelala. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa macho, na ulinitazama kwenye kioo, halafu ukaangalia pembeni ili nisione kwamba umeona.

Mwanangu, hata hapo sikuwachukia. Hilo ndilo nataka ulielewe, kwa maana nafikiri umekuwa ukidhani baba yako alihongwa. Sikupewa hata soda. Nilichopewa ni kelele. Siku sita nyumba hii ilijaa watu wanaocheka kwa Kikamba, wanaobishana nani alimwoa nani, wanaoniita mwana wa fulani wa kule ng'ambo ya mto. Usiku mmoja nilisimama ukumbini nikawasikiliza tu, na machozi yakanitoka. Nilikuwa nimetamani nyumbani kwa muda mrefu, na nyumbani kukanijia kwa sura ile. Nilishindwa kukuambia wewe na mama yako kwamba sura hiyo haikuwa nzuri.

Jioni ya mwisho mama yako na Mama Neema wa ghorofa ya chini walipika tangu asubuhi. Kabla ya chakula wale wageni walitoa fomu. Odita anayekagua hesabu za kaunti, walisema, ni msumbufu, anataka uthibitisho wa kila mahali walipofika. Zahanati ile moja iliwapa saini bila muhuri, na kwao karatasi isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia sukari. Zile sita nyingine hazikuwa na chochote. Mheshimiwa akaniwekea fomu hizo mbele yangu, akanifungulia kidau cha wino kwa heshima. Niligonga zote saba. Ulikuwa umesimama na sahani ya kachumbari mkononi, ukaona.

Wakati ule ule shangazi yako akapiga simu. Nilitoka nikazungumza naye kwenye ngazi. Alisema kidonda cha mguu wake kimeanza kunuka, na sukari yake iko juu. Zahanati haina dawa, haina bandeji, muuguzi alihamishwa na hajaletwa mwingine. Ile wodi mpya bado ni kuta zisizo na paa, mbuzi wanalala ndani. "Nasikia hao wakubwa wako kwako," akasema. "Waulize, ndugu yangu. Wewe watakusikia."

Nilirudi ndani. Walikuwa wamenawa mikono, wanakula. Kwetu mgeni haulizwi neno gumu akiwa na tonge mkononi, hilo unalijua, nilikulea nalo. Nikajificha nyuma ya desturi hiyo. Nikakuambia wewe jikoni, kwa kunong'ona tu, shangazi yako alivyosema. Na wewe ukaweka kachumbari mezani, ukasimama wima, ukauliza kwa Kiswahili chako cha Columbus:

"Samahani, Mheshimiwa. Shangazi wangu ni mgonjwa na zahanati haina nesi. Ile wodi mtaweka paa lini?"

Mheshimiwa akatabasamu, akanitazama mimi, kama anayengoja mwenye mbwa amfunge mbwa wake. Nami nikafanya hivyo. Nikasema, "Mwende, hayo si mazungumzo ya watoto. Leta maji ya kunawa." Ulileta maji. Walipomaliza kula ulimmwagia kila mmoja mikononi, mmoja baada ya mwingine, bila kuinua uso. Hilo ndilo swali la mwisho lililosikika kutoka kinywani mwako katika nyumba hii.

Walipoondoka Mama Neema alibaki akiosha vyombo. Unajua yeye ametoka Kivu kule Kongo na haogopi mtu. Akasema bila kugeuka, "Baba Mwende, ninyi muko na serikali inakuya mpaka ku nyumba yenu, inakula, na hamuiulize kitu. Sisi ya kwetu tulikimbiaka. Bon, kama ingekuwa inakalaka ku meza yangu hivi, ningeuliza mpaka asubui." Nilikasirika. Nilisema moyoni kwamba mkimbizi hawezi kuelewa siasa za Kenya. Ona upumbavu huo.

Hayo yote unayajua. Sasa nakuandikia lile usilolijua.

Kesho yake nilimpigia Ndinda. Aliuliza kama nimewaambia. Nikasema, "Nimewaambia." Akauliza walisemaje. Nikasema wameahidi muuguzi na dawa ndani ya mwezi. Maneno yalitoka yenyewe, laini kabisa. Nilidhani ni uongo mdogo wa kumtia moyo mgonjwa.

Ndinda akaniamini. Mimi ndiye niliyebebwa mgongoni mwake, angekosaje kuniamini. Ile nauli niliyomtumia aende hospitali ya misheni mjini alimpa jirani aliyekuwa na mtoto mgonjwa, akasema yeye atangoja, kwa sababu ndugu yake ameshazungumza na wakubwa. Alikwenda zahanati kila wiki akakaa kwenye benchi. Aliwaambia akina mama wengine waliokuwa foleni wasiende mbali, dawa ziko njiani, habari amezipata Amerika. Majirani walipokuja kumbeba na kumpeleka mjini, daktari alisema wamechelewa. Wewe unajua kwamba mguu wake ulikatwa chini ya goti. Ulilia sana siku ile, ukagonga ukuta ukiilaani serikali ya Kenya yote. Mimi nilikaa kitandani nikakusikiliza. Hukujua kwamba alichelewa kwa sababu ya neno langu.

Nimeishi na jambo hilo mwaka mzima nikiendesha wazee kwenda kliniki. Ninamshusha bibi wa watu mlangoni kwa kiti cha magurudumu, muuguzi anatoka kumpokea, na mimi nageuza uso.

Jumanne Mheshimiwa alipiga simu tena. Amesikia unakwenda chuo karibu na Buffalo. Kamati inataka kuja mwaka huu kujifunza mambo ya maji, na maporomoko ya Niagara yako pale jirani. Anataka barua yenye muhuri, na wewe uwe mwenyeji wao. Akasema ataingiza jina lako kwenye basari ya kaunti, ile iliyowekwa kwa watoto wasio na karo kule kwetu. Nilikubali, Mwende. Nilijua pengo la karo yako lilivyo, na nilijua zamu unazopanga kufanya kwenye mkahawa wa chuo. Nilijiambia safari hii ni kwa ajili ya mtoto. Nikaiandika barua, hapa hapa mezani. Nilikuwa nafungua droo ya muhuri nikakusikia unakuja kuchukua mkanda wa kufungia maboksi. Nikaifunika barua kwa sahani. Ulichukua mkanda ukarudi chumbani. Mimi nikabaki nimeshika ile sahani kwa mikono miwili, mtu mzima, namficha mtoto wangu karatasi ndani ya nyumba yangu.

Juzi nilimpigia Ndinda. Kabla sijafungua mdomo akaniambia Mheshimiwa amechapisha kalenda, na picha ya mwezi huu ni ya sebule yetu. Mimi niko katikati, wageni wamenizunguka. Ndinda ameibandika juu ya kitanda chake. Alisema, "Nikiamka nakuona wewe kwanza."

Nikamwambia. Nilimwambia sikuwauliza. Nilimwambia hakukuwa na ahadi ya mwezi wala ya mwaka. Nilisikia kuku wake na mtu akitwanga. Halafu akauliza niliogopa nini. Nikasema ukweli, kwamba niliogopa wataacha kuniita kwa jina la kwetu.

"Mimi je?" akasema. "Si nakuita kila siku?"

Alikata simu, na sijui kama alikata kwa hasira au ni salio liliisha. Jana asubuhi alipiga yeye mwenyewe, akaniuliza kama umeshafunga mizigo, basi.

Baada ya hapo nilifanya mambo mawili. Nilimwambia Mheshimiwa sitagonga muhuri wala kutuma ile barua, na nikamuuliza ile wodi itaezekwa lini. Alicheka, akasema hiyo iko kwenye mpango, na kuhusu basari tutaona mwaka ujao. Unajua maana ya tutaona. Kisha nikamwandikia karani wa bunge la kaunti na ofisi ya ukaguzi, nikataja zile sehemu sita ambazo wageni hawakufika na mimi nikagonga muhuri kwamba walifika. Nimetia jina langu na anwani. Nimetuma leo mchana. Huenda barua itafungiwa sukari. Huenda nitaitwa nijibu. Ile safari ya Desemba niliyokuwa nimeipanga, niende nikakae na Ndinda, sijui tena kama nitakaribishwa, na wanaume wa kinyozini hawataipenda habari hii. Nimekaa nikitamani kuona lile lango la miiba la boma letu kwa miaka kumi na miwili, na sasa huenda nimelifunga mwenyewe. Inaniuma, sitakudanganya. Wewe nawe utafanya zile zamu za mkahawani, na mimi nimeomba Jumamosi za ziada. Hiyo ndiyo hasara niliyokuingiza bila kukuuliza, na una haki ya kunilaumu.

Sina mafundisho ya kukupa kuhusu Kenya. Uichukie au uipende, ni yako, hata ukiisemea kwa Kiingereza. Najua tu kwamba nimeitukana serikali miaka mingi kwenye kiti cha kinyozi, na ilipokuja kwangu niliipakulia, na mtu pekee mezani aliyeiuliza kitu nilimtuma maji.

Jambo moja limebaki. Ndinda ana namba yako mpya, atakupigia ukishafika. Mimi nilimwambia kila kitu isipokuwa hili: kwamba kulikuwa na mtu aliyesimama mbele ya watu wazima tisa akaulizia mguu wake. Nilishindwa, kwa sababu ningelazimika kumwambia pia nilikufanya nini baada ya hapo. Yeye mpaka leo anaamini kwamba siku ile, katika nyumba nzima ya ndugu yake, hakuna aliyemtaja.

Mwambie wewe. Mwambie na niliyokujibu, usinifichie aibu.

Baba yako